Chumvi Kisimani: Karafuu na Bahari Wapi na Wapi?



Twajua wengi wenu mtakapoona kichwa cha makala haya mtatuuliza swali hilo hilo. Mkarafuu hukaa juu kilimani, bahari iko chini ufukweni, na baina yao pana minazi na mabonde ya mpunga. Sisi wa Halmashauri tulikuwa na fikra hiyo hadi mwaka juzi, na kwa sababu yake tulimdhulumu mwenzetu. Kwa hiyo tutaanza na khabari zake, kisha tutasafiri kidogo, mpaka Copenhagen na mpaka chini ya bahari kuu, halafu turejee hapa nyumbani.

Mwanachama huyo ni mtu mzima. Shamba lake limeteremka mpaka karibu na hori, na katika mgao wa masika alipewa miche 60. Ilipoingia kaskazi miche ilianza kuungua majani, kwanza ncha, kisha pembeni, ikawa rangi ya kahawia kama iliyopitishwa juu ya moto. Haikuchukua muda ikafa yote isipokuwa 7. Halmashauri ikapeleka watu watatu wakatazame. Walikuta shamba limepaliliwa na makuti ya kivuli yamesimamishwa vizuri, lakini miche imekauka. Wakaandika kuwa mwenyewe hakutia maji. Mzee akasema, "Mabwana, mimi natia maji asubuhi na jioni, na mgongo wangu ndio shahidi." Hatukumsadiki. Katika daftari tuliandika neno "uzembe", tena kwa wino mwekundu, na jina lake tukalitoa katika mgao uliofuata.

Baada ya miezi michache alikuja likizoni kijana wa kijiji kile kile, anayesoma Unguja mambo ya bahari. Alikuwa na kidude mfano wa kalamu nene, chenye ncha mbili za madini upande mmoja na tarakimu upande wa pili. Alikichovya katika tangi la maji ya mvua, kikasoma 40. Akakichovya katika kisima cha msikiti kilicho juu, kikasoma 500. Akashuka kwenye kisima cha mzee, na siku hiyo ilikuwa ya bamvua, maji ya hori yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko ya juu kabisa, kikasoma 2,300. Alirudi tena siku ya maji mafu, kisima kile kile kikasoma 1,100. Kijana akaja ofisini akatuambia, "Bwana Katibu, mzee alisema kweli. Miche ameinywesha, na hayo maji ndiyo yaliyoiua."

Tulitazama daftari letu. Watu wetu watatu walikwenda siku ya maji mafu, na chai waliyoandaliwa ilipikwa kwa maji ya kisima hicho hicho. Walikunywa vikombe viwili viwili wasihisi kitu. Na wangehisije? Sukari ilikuwa nyingi, na chumvi ilikuwa chache kwa ulimi. Lakini mche wa mkarafuu hauna ulimi wala hautii sukari. Hupokea kila siku, na jua la kaskazi linapokausha maji, chumvi hubaki udongoni, leo kidogo na kesho kidogo. Mzee kila alipozidisha bidii ndivyo alivyozidi kuiua.

Sasa tuseme habari ya ulimi, maana hapo ndipo palipotuponza. Katika kila kilo moja ya maji ya bahari kuu mna kadiri ya gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali. Sehemu kubwa kabisa ni ile dawa iitwayo kloraidi, ambayo katika lita moja hufika kama miligramu 19,000. Ulimi wa mtu wa kawaida huanza kushituka kloraidi inapofika kama miligramu 250. Pigeni hesabu: kata moja ya maji ya bahari katika kata 75 za maji baridi, na bado mnywaji atasema maji mazuri. Aliyezoea kisima chake tangu utotoni hata zaidi ya hapo hatasema neno. Basi ulimi si kipimo, na wazee wetu wanaoonja maji kwa ncha ya kidole watusamehe kwa kusema hivyo.

Hicho kidude cha kalamu ni mtoto mdogo wa vyombo vinavyopimia bahari zote za dunia. Kazi yake ni kupitisha umeme mdogo baina ya ncha zake mbili. Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Yakiwa na chumvi hupitisha upesi, na kadiri chumvi inavyozidi ndivyo umeme unavyopita. Tarakimu tulizozitaja ni za kizio kiitwacho maikrosimensi kwa sentimita. Hori lenyewe, pale lilipokutana na bahari wazi, lingesoma kama 50,000, na kidude chetu hakifiki huko.

Watu hawakuanza na umeme. Zamani mwenye kutaka kujua chumvi ya bahari alichemsha maji mpaka yakakauka akapima kilichobaki, na jawabu lake likawa la uongo, kwa kuwa moto huchukua baadhi ya vitu na vingine huviacha na unyevu ndani yake. Mwezi wa Disemba 1872 iliondoka Uingereza meli iitwayo Challenger, ikazunguka bahari za dunia mpaka Mei 1876, ikiteka maji juu na chini na kuyatia katika chupa. Chupa 77 katika hizo alipewa mwanakemia William Dittmar kule Glasgow, naye akatoa jawabu lake mwaka 1884. Alikuta jambo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa kazi yote: chumvi ya bahari yaweza kuwa nyingi mahali hapa na chache mahali pale, lakini uwiano wa vitu vilivyomo ndani yake karibu haubadiliki. Ni kama mchuzi wa mpishi mmoja. Utautia maji ukawa mwepesi, au utaukausha ukawa mzito, lakini bizari na chumvi na ndimu zake zimo kwa kadiri ile ile baina yao. Kwa hiyo huna haja ya kupima vyote. Pima kimoja, vingine utavijua kwa hesabu.

Kilichochaguliwa kupimwa ni kloraidi. Mpimaji alidondosha dawa ya madini ya fedha katika maji ya bahari tone baada ya tone, ikakamata kloraidi na kuigeuza unga mweupe. Ndani yake alitia dawa nyengine ya rangi ya manjano, na kloraidi ilipokwisha, rangi ile iligeuka nyekundu ya matofali, naye akaacha kudondosha na kuhesabu matone yake. Martin Knudsen wa Denmark alitoa majedwali ya hesabu hizo mwaka 1901. Tena huko Copenhagen walitengeneza maji ya bahari ya kipimo maalumu, yakafungwa katika vichupa vya kioo na kupelekwa kila nchi, ili mpimaji wa bahari yoyote asahihishe vyombo vyake kwayo. Sisi wakulima jambo hilo twalifahamu vizuri. Mizani ya karafuu ikiwa haikusahihishwa kwa jiwe lililo sawa, ugomvi hauishi kituoni. Mabaharia wa elimu nao walijua kuwa bila jiwe moja la mizani, mtu wa Bergen na mtu wa Bombay hawatasemezana.

Umeme ulishika kazi hiyo baadaye, na tangu mwaka 1978 kipimo kilichokubaliwa duniani ni cha umeme. Siku hizi chombo kinachoteremshwa kutoka melini hupima mambo matatu kwa pamoja, nayo ni upitishaji wa umeme, joto, na uzito wa maji yaliyo juu yake ambao huonyesha kina. Huteremka kwa kamba ya chuma kikiandika njia nzima. Manahodha wetu waliotumia bildi kujua kina watafahamu kuwa hii ni bildi iliyosoma. Kuzunguka chombo hicho hufungwa chupa zilizo wazi juu na chini, nazo hufungwa kwa amri kutoka juu kila moja kwenye kina chake. Zamani amri hiyo ilikuwa ni jiwe la shaba lililotelezeshwa kwenye kamba mpaka likagonga chupa, na mabaharia waliliita jiwe hilo mjumbe.

Tumeeleza chumvi kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha mahali pa aibu. Lakini kwa nini kisima kilicho juu ya hori kigeuke kwa bamvua? Sababu yake ni uzito. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ni kilo 1,000. Ya maji ya bahari ni kama kilo 1,025. Chini ya ardhi ya kisiwa, maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, ila hapa mpaka wao hauonekani kwa macho. Na kwa kuwa tofauti ya uzito ni 25 tu katika 1,000, hesabu inatoka hivi: kila futi 1 ambayo maji baridi yamepanda juu ya usawa wa bahari, chini yake mna futi 40 za maji baridi. Mtu husikia hayo akafurahi. Naafikirie upande wa pili: ukichota mpaka maji yakashuka futi 1, maji ya chumvi hupanda kutoka chini futi 40 kuyafuata, si siku hiyo hiyo, bali kwa miezi na miaka. Karibu na hori tabaka hilo ni jembamba, na bahari ikijaa na kupwa huyachanganya. Kaskazi ikiwa kavu, wachotaji wakiwa wengi, na bamvua ikija, basi kisima cha mzee ndicho hicho.

Kujaa na kupwa kwa bahari nako hupimwa. Bandarini Unguja pana chombo cha kuandika urefu wa maji tangu mwaka 1984. Baina ya maji kupwa na kujaa siku za bamvua kuna kadiri ya mita 4, jambo ambalo kila mwenye ngalawa alijua bila ya chombo. Lakini bahari kupanda kwa milimita chache katika mwaka mzima, hilo hakuna jicho litakaloliona ndani ya mita 4 za kila mwezi, na ndiyo sababu yake chombo kiko pale. Tutaongeza jambo moja ili watu wasitudhanie kuwa twasema tu yanayotufaa: katika miaka yake 20 ya mwanzo chombo hicho hakikuonyesha bahari kupanda, bali kushuka. Dunia kwa jumla bahari ilikuwa ikipanda ilhali hapa petu ilitoa jawabu jengine, kwa sababu pepo na mikondo na joto husukuma maji huku na huku. Mtu aliyepima miaka 5 akatangaza jambo, msimsadiki. Na mtu aliyekwenda Kisiwa Panza akaona mabonde yaliyoingiliwa na chumvi na minazi iliyokufa imesimama, hawezi kuambiwa kuwa hapana kitu.

Sasa joto. Maji ya juu ya bahari yetu huwa kadiri ya nyuzi 25 mwisho wa kusi, na hufika karibu na 30 mwisho wa kaskazi. Kupima joto la juu ni rahisi, ndoo na kipimajoto vyatosha, maadam ndoo haikukaa juani. Joto la chini ndilo lililowasumbua watu, kwani kipimajoto kikivutwa juu kinapita katika maji ya moto kikasahau kilichoyaona. Mwaka 1874 Negretti na Zambra wa London walitengeneza cha zebaki kinachopinduliwa huko huko chini, uzi wa zebaki ukakatika na kubaki ulivyo mpaka mikononi mwa msomaji. Leo kazi hiyo hufanywa pia na maboya ya Argo, ambayo yako kama 4,000 katika bahari zote. Boya huzama lenyewe, huelea kwenye kina cha mita 1,000 likichukuliwa na mkondo, kisha hushuka hadi mita 2,000 na kupanda juu likipima joto na chumvi, na lifikapo juu hupeleka khabari kwa satelaiti. Hufanya hivyo kila baada ya siku 10, hapana baharia wala mpishi.

Na hapa ndipo pahali karafuu yenyewe inapoingia, si mche tu. Msimu wetu mkubwa huangukia vuli. Karafuu mbichi yataka siku kadhaa za jua juu ya jamvi, na ikipigwa mvua siku ya pili au ya tatu hufanya ukungu na kupauka, na bei yake kila mmoja wetu anaijua. Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani waliandika juu ya mzani wa Bahari ya Hindi: kuna miaka ambayo upande wetu wa magharibi hupata joto kupita kawaida, na upande wa Sumatra ukapoa. Mzani ukilala hivyo, mvuke na mvua huja kwetu, na huko kwao huwa ukame. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, vuli ilipomwaga mvua juu ya Afrika ya Mashariki mpaka mito ikafurika. Mzani huo aghlabu huanza kulala miezi kadhaa kabla ya vuli, nao huonekana katika joto la bahari lililopimwa na maboya na satelaiti. Kwa hiyo khabari za hali ya hewa zinapotaja joto la Bahari ya Hindi mwezi wa Agosti, mwenye karafuu asizime redio akidhani ni maneno ya wavuvi. Si ahadi ya mvua, walakini yatosha kumfanya mtu anunue turubai mapema na kuajiri wachumaji kwa mafungu, asiangushe shamba zima kwa siku mbili akakosa pa kuanika.

Joto hilo hilo huwagusa wake zetu na dada zetu walio katika mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na kote visiwani wengi wanaokifanya ni wanawake. Ile namna yenye bei, iitwayo kotonii, haistahamili maji ya moto ya kina kifupi. Shina hulainika, likageuka jeupe na kukatika. Mvua kubwa ikishusha chumvi ghafla, nayo huumia. Kwa hiyo kipimajoto cha ndoo alichonacho Bi. fulani kwenye shamba lake la mwani kina thamani sawa na jamvi letu. Na matumbawe ya Misali yaliumia sana mwaka 1998 kwa sababu iyo hiyo. Nyuzi 1 juu ya joto la kawaida la mwezi wa moto kuliko yote, ikikaa wiki kadhaa, huyafanya kuwa meupe.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho tutakipitia upesi, nacho ni cha ukali wa maji. Kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen, huko huko Copenhagen, katika maabara ya kiwanda ambacho bidhaa yake haituhusu sisi. Maji yasiyoegemea upande wowote ni 7. Chini ya hapo ni makali kama ndimu, juu ya hapo yaelekea upande wa majivu na sabuni. Bahari ilikuwa 8.2 kabla ya viwanda, leo ni kama 8.1, kwa ajili ya hewa ukaa inayoingia majini. Msidharau hiyo nukta moja. Kila hatua ya kipimo hiki ni mara 10, na nukta hiyo moja maana yake ukali umezidi kwa zaidi ya robo, na kombe na matumbawe hujenga majumba yao kwa shida.

Kazi ya kupima bahari si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1950 palikuwa na kituo cha utafiti wa samaki wa baharini Unguja, kikitumikia nchi za Afrika ya Mashariki, na wapimaji wake waliandika joto na chumvi za pwani hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikichukua mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo ni Taasisi ya Sayansi za Bahari. Kijana wetu mwenye kidude ni miongoni mwa waliofundishwa kazi hiyo.

Basi Halmashauri ilikutana. Lile neno la wino mwekundu tulilikata mbele ya mzee mwenyewe, na tukaandika pembeni kuwa kosa lilikuwa letu. Alipewa miche 60 badala ya ile, na aliipanda juu, mbali na hori, akiinywesha kwa maji ya tangi. Tulimuuliza kama ana neno. Alisema, "Mimi sina neno. Lakini hicho kidude nipeni nikitumie." Tulinunua kimoja kwa fedha za Chama, na yeye ndiye anayekwenda kila bamvua na kila maji mafu kupima visima 5 vilivyo karibu na hori, akaandika tarehe, saa, hali ya maji na tarakimu. Hajakosa hata mara moja, hata siku ya arusi ya mjukuu wake alikwenda kwanza. Wale watu watatu waliotumwa mwanzo, mmoja wao akiwa ni mwandishi wa makala haya, hupokezana kumfuata na kumshikia ndoo.

Mwanachama yeyote ambaye kisima chake kiko karibu na bahari au hori, na ambaye ataomba miche msimu ujao, alete maji ofisini kabla ya mgao. Yatekwe siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, na chupa isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho kabla ya kutiwa. Ifungwe vizuri na kuandikwa jina. Kidude hupimwa kwanza kwa maji ya kipimo yaliyokuja nacho, mbele ya mwenye chupa, ili pasiwe na maneno. Ofisi huwa wazi Jumatatu na Alkhamisi asubuhi. Chupa za soda ambazo hazikuoshwa hatutazipokea. Mwezi uliopita tuliletewa moja, na sisi wote tukadhani kijiji kizima kimeingia baharini.